Mzabuni anayeahidi biashara 600 kwa siku 12

Swali: "Taasisi yetu ndogo ya utafiti imepewa kazi ya kupima athari za kiuchumi za barabara moja ya biashara iliyojengwa upya na kukamilika mwaka jana. Tuna orodha ya biashara 1,400 zilizokuwa kando ya barabara hiyo kabla ujenzi haujaanza. Hatuna wadadisi wetu wenyewe, kwa hiyo tumetangaza zabuni. Kampuni tatu zimeomba. Mbili zimetaja bei zinazokaribiana. Ya tatu imetaja nusu ya hapo, na inaahidi kuhoji biashara 600 kwa siku 12 ikiwa na wadadisi 8. Bodi inataka tuichukue. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja. Niwaulize nini wazabuni, na mkataba tuuandikeje?"

Ndugu yangu, hoja unayo tayari, imo ndani ya swali lako. Chukua kalamu. Biashara 600 kwa wadadisi 8 ni biashara 75 kwa kila mmoja. Zigawe kwa siku 12, unapata 6 na robo kwa siku, kila siku, bila mtu kuugua, bila mvua, bila mwenye duka kusema "njoo kesho". Dodoso linalouliza mauzo, manunuzi, ajira, pango na wateja huchukua dakika 45 hadi saa nzima mtu akiwa ametulia, na mwenye biashara aliye kazini hajatulia. Katika kazi nilizosimamia, mdadisi hodari hukamilisha mahojiano matatu kwa siku, manne siku ikiwa njema. Mwenye mamlaka ya kuzungumzia fedha mara nyingi hayupo safari ya kwanza, ya pili ana mgeni, ya tatu ndiyo anavuta kiti. Kwa mahojiano matatu kwa siku, watu 8 watarudi siku ya 12 na biashara 288. Muulize mzabuni wako: zile 312 zitatoka wapi?

Sisemi kwamba kampuni hiyo ina nia mbaya. Pengine imezoea kuhoji kaya, ambako mtu mzima yeyote aliyepo nyumbani anaweza kujibu maswali mengi. Lakini ahadi ikishaingia kwenye mkataba, mzigo wake unamshukia mdadisi, mtu anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye mnyororo huo. Siku ya tisa ikimkuta na nusu ya fomu zake, atatafuta kivuli, atakaa na kuzijaza.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi na data za kazi inayofanana na yako, nikizipanga kwa saa ambayo kila mahojiano yalianza. Mdadisi mmoja alikuwa na mahojiano 11 ya siku moja, kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, yote kwenye nukta moja ya ramani. Kila moja lilichukua dakika 9 au 10. Biashara zote 11 zilikuwa na wafanyakazi wawili au watatu, na zote mauzo yao yalikuwa yameongezeka kidogo tangu mradi uishe. Nikapiga simu kwa ya nne kwenye orodha. Mama aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi nilifunga lile duka kabla hawajamaliza kuchimba." Kwenye fomu yake, duka lilikuwa wazi na wateja walikuwa wameongezeka.

Ninakueleza kisa hiki kwa sababu simu ile ndiyo iliyonifundisha ni kitu gani hasa tunanunua kwa mkandarasi wa utafiti. Bodi yako inadhani mnanunua fomu 600 zilizojazwa. Mnachohitaji kununua ni hatima ya kila biashara mliyoichagua: ipo au haipo, imejibu au imekataa, imehama, imekufa, na kama ipo, hali yake ya kweli ni ipi. Fomu iliyojazwa ni hatima moja tu kati ya hizo. Mkataba ukiandikwa kwa msingi wa fomu, mkandarasi atakuletea fomu, na yule mama atapotea.

Na akipotea yeye, jibu lenu linageuka. Orodha yenu ni ya kabla ya ujenzi, na hiyo ni hazina ambayo watafiti wengi hawaipati kamwe. Mdadisi akikuta biashara namba 417 imefungwa, njia rahisi ni kuingia mlango wa jirani, kuhoji aliyepo na kuendelea. Aliyepo ni yule aliyesalimika, au aliyekuja baada ya barabara kupendeza. Mkihoji waliosalimika peke yao, barabara itaonekana imewanufaisha wote, hata kama robo ya wafanyabiashara wa zamani walifilisika kipindi cha vumbi na mitaro. Kwa hiyo kataza kubadilisha biashara uwanjani. Orodha ya akiba, yaani ya biashara za kuziba nafasi, ikae kwako, si kwa mkandarasi, na ifunguliwe tu baada ya biashara kutembelewa angalau mara nne, kwa siku tofauti na saa tofauti, na kila safari iwe imeandikwa. Biashara iliyofungwa isipewe mbadala kabisa. Hilo ni jibu kamili, na linafaa kulipiwa: dodoso fupi kwa jirani au kwa mwenye nyumba, tena ikiwezekana simu kwa mwenye biashara wa zamani, kujua ilifungwa lini na kwa nini, na kama ilihamia mahali pengine. Sababu nazo ni muhimu, maana biashara hufa hata pasipo ujenzi wowote.

Sasa tuitazame hiyo 600 yenyewe. Nashuku ilichaguliwa kwa sababu inaonekana nyingi. Kwa kundi la biashara 1,400, ukitaka kukadiria asilimia fulani (tuseme asilimia ya biashara zilizoongeza wafanyakazi) kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5 juu au chini, hesabu ya kawaida inakupa biashara 302 zilizojibu, mradi zimechaguliwa kwa bahati nasibu. Nusu ya anachoahidi mzabuni wako. Wingi wenyewe hautibu uchaguzi mbovu. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi takriban milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angeshinda. Mpinzani wake, Roosevelt, alichukua majimbo 46 kati ya 48. Orodha zao zilielemea watu wenye simu na magari, na waliorudisha kadi hawakufanana na walionyamaza.

Lakini 302 nayo isikuteke. Inatosha kwa asilimia, haitoshi kwa fedha. Mapato ya biashara hayafanani na urefu wa watu, ambao hukaribiana. Kwenye barabara moja unaweza kukuta biashara 30 kubwa zinazouza kuliko nyingine zote 1,370 zikijumlishwa. Ukichagua kwa bahati nasibu tupu, kura inaweza kukupa tano tu kati ya hizo kubwa, na makadirio ya mauzo ya barabara nzima yatayumba kutegemea zipi zimeangukia. Mwanatakwimu Jerzy Neyman alionyesha njia mwaka 1934: gawa kundi katika matabaka, kisha chukua sampuli kubwa zaidi kwenye tabaka ambalo watu wake wanatofautiana sana. Kwa biashara maana yake ni kwamba kubwa zote mnazihoji, za kati mnachukua nyingi, na ndogo mnachukua sehemu, halafu kila jibu linapewa uzito wake kwenye hesabu ya mwisho. Tafiti za Benki ya Dunia kuhusu kampuni hutumia mpangilio wa aina hii, zikigawa kwa ukubwa (wafanyakazi 5 hadi 19, 20 hadi 99, na 100 au zaidi), kwa sekta na kwa eneo. Usiinakili mipaka hiyo jinsi ilivyo, maana inaacha nje walio chini ya wafanyakazi watano, na nadhani hao ndio wengi kwenye barabara yako.

Zile 30 kubwa ndizo zitakazowatesa, kwa hiyo ziandikie kifungu chake kwenye mkataba. Hazihojiwi na mdadisi kijana anayebisha hodi. Zinahitaji barua yenu yenye muhuri, miadi kupitia kwa katibu muhtasi, na msimamizi mwenyewe kwenda kuonana na mhasibu. Lipieni hizo kwa bei yake. Mkandarasi anayeweka bei moja kwa duka la mtu mmoja na kwa kampuni yenye matawi hajawahi kuifanya kazi hii, au ameshaamua kimoyomoyo kwamba kubwa zitarekodiwa kuwa "zimekataa".

Hapo tunafika kwenye malipo, ambako tafiti nyingi huharibikia. Msilipe kwa fomu. Lipeni kwa kila biashara ambayo faili lake limefungwa kwa hatima iliyothibitishwa. Na mkataba uchimbe mpaka chini: wadadisi walipwe kwa siku, majina yao yaorodheshwe, na mkandarasi asiwe na ruhusa ya kuwapa kazi vibarua wengine bila ninyi kukubali. Mimi hupenda malipo ya awamu nne. Ya kwanza, ndogo, mpango kazi na ratiba ya kila mdadisi vikipokelewa. Ya pili baada ya majaribio ya biashara 20 au 30 ambazo hazimo kwenye sampuli. Ya tatu nusu ya uwanja ikikamilika na kupita ukaguzi wenu. Ya nne, isiyopungua theluthi ya bei, mkishakabidhiwa data ghafi zote, data zilizosafishwa, maelezo ya kila badiliko lililofanywa wakati wa kusafisha, na jedwali la hatima za biashara zote zilizochaguliwa. Mkandarasi mwaminifu hulalamikia theluthi hiyo ya mwisho kwa sababu ana mishahara ya kulipa, na malalamiko yake ni ya haki. Basi ninyi nanyi jifungeni kwenye mkataba kukagua na kulipa ndani ya siku chache mtakazotaja. Taasisi inayochelewesha malipo haina haki ya kudai kazi safi.

Maswali ya kuwauliza wazabuni yasiwe mengi. Mimi huanza na hili: katika kazi yenu ya mwisho ya kuhoji biashara, ngapi zilikataa na ngapi hamkuzipata? Anayejibu "hakuna" au "chache sana", muage kwa heshima. Anayefungua kompyuta na kukuonyesha jedwali, hata kama lina asilimia 30 waliokataa, huyo ndiye. Kisha waulize msimamizi wa uwanja ni nani, na umwombe yeye, si mkurugenzi aliyekuja na tai, akueleze siku yake moja kazini tangu asubuhi. Halafu omba kila kampuni ilete wadadisi wawili wafanye mahojiano ya majaribio na mwenye biashara halisi, wewe ukiwa umekaa pembeni kimya. Bila hivyo mnanunua mbuzi kwenye gunia.

Ukikaa pembeni, sikiliza swali la mauzo. Niliwahi kusikiliza mahojiano kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambapo mdadisi wa kwanza aliuliza, "Mwaka jana mauzo yako yalikuwa kiasi gani?" Mwenye duka akatazama dari, akataja namba ya mviringo, namba ikaandikwa. Wiki iliyofuata mdadisi mwingine alirudi kukagua. Yeye aliuliza: siku nzuri unauza kiasi gani? Siku mbaya je? Kwa wiki siku nzuri ni ngapi? Miezi gani biashara inalala? Wakakokotoa pamoja, wakatoa daftari la madeni chini ya kaunta, na hesabu ikafika karibu mara tatu ya namba ya dari. Mtu huyo hakuwa amedanganya mara ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amemsaidia kukumbuka. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha bei ya juu na bei ya chini, na haionekani popote kwenye karatasi za zabuni.

Dodoso liandikeni wenyewe, kwa sababu mkandarasi hawezi kujua mtahesabu nini baadaye. Utafiti wa athari za kiuchumi unasimama juu ya maswali ambayo utafiti wa kawaida wa biashara hauulizi. Mteja mpya ametoka wapi? Kama amehama kutoka barabara ya pili, barabara yenu imepata lakini mji haujaongeza kitu. Kwa kila sehemu kumi za fedha za manunuzi, ngapi zinatumika ndani ya eneo na ngapi zinatoka nje? Bila jibu hilo hamwezi kufuatilia jinsi fedha inavyozunguka kutoka biashara moja kwenda nyingine, ule uhusiano wa pembejeo na mazao ambao mchumi Wassily Leontief alianza kuuchapisha mwaka 1936 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, na mtabaki kuazima kizidishi (namba inayoonyesha shilingi moja inazaa ngapi ikizunguka) cha mahali pengine kisichowahusu. Wafanyakazi nao watenganisheni: wa kudumu, wa muda, na ndugu wanaosaidia bila mshahara. Na swali la "je, barabara imekusaidia?" liwe la mwisho kabisa. Likitangulia, kila namba inayofuata itapinda kulifuata.

Kuna jambo moja ambalo hata mkandarasi bora hawezi kuwafanyia msipolipanga sasa. Mauzo yakionekana yamepanda, mtajuaje yasingepanda hata bila barabara? Tafuteni barabara nyingine inayofanana na yenu ilivyokuwa kabla ya ujenzi, isiyoguswa na mradi wala kupakana nao, na muihoji kwa dodoso lilelile, wadadisi walewale, wiki zilezile. Gharama inapanda, najua. Ikibidi, punguzeni sampuli ya biashara ndogo kwenye barabara yenu mpate fedha za hiyo ya kulinganisha. Kwangu mimi biashara 250 kwenye barabara yenu na 150 za kulinganisha zina thamani kuliko 600 zisizo na mwenza.

Ukaguzi ufanywe na watu msiowapata kupitia mkandarasi, hata wawe wanafunzi wawili wenye simu. Kila jioni vishikwambi vitume data: saa ya kuanza na kumaliza, mahali palipofanyika mahojiano, idadi ya safari. Zipo programu zisizolipiwa zinazofanya haya, kama KoboToolbox, na Survey Solutions ya Benki ya Dunia. Chagueni biashara moja kati ya kumi, pigeni simu, ulizeni mambo matatu: je, ulihojiwa, mlikaa muda gani, una wafanyakazi wangapi. Fanyeni hivyo kuanzia siku ya pili, maana kosa la siku ya pili mnaweza kulirekebisha na la siku ya 30 mtalizika. Wanahesabu wana kipimo kingine, kanuni ya Benford, inayosema kwamba kwenye namba zilizotawanyika sana kama mauzo, karibu asilimia 30 huanza na tarakimu 1 na chini ya asilimia 5 huanza na 9. Anayebuni namba kichwani huzisambaza sawasawa mno. Itumieni kujua fomu za nani zikaguliwe kwanza. Isitumike kumhukumu mtu, kwa kuwa wenye maduka nao hukadiria kwa namba za mviringo.

La usiri nalitaja kwa ufupi ingawa ni zito. Benki ya Dunia hutumia kampuni binafsi kwa tafiti zake za kampuni kwa sababu dodoso linagusa uhusiano wa biashara na serikali, rushwa ikiwemo, na watu hujibu kwa uhuru zaidi wakijua anayeuliza si ofisa. Hata bila swali la rushwa, mwenye duka anayekutajia mauzo anawaza kodi na anamwaza mshindani wake wa mlango wa pili. Mkataba useme data ni mali yenu, mkandarasi afute nakala zake baada ya kukabidhi, majina yatenganishwe na majibu, na wadadisi watie saini kiapo cha usiri mmoja mmoja.

Ukienda kwenye bodi, usiende kumpinga mzabuni wa bei ya chini. Nenda na ukurasa mmoja wenye masharti haya: sampuli ya matabaka mtakayoitoa ninyi, safari nne kabla ya kufunga faili, kutobadilisha biashara, malipo ya wadadisi kwa siku, biashara kubwa kwa bei yake, ukaguzi wa biashara moja kati ya kumi, na theluthi ya bei kubaki mpaka makabidhiano. Waombe wazabuni wote watatu wapange bei upya juu ya ukurasa huo huo, kila mmoja akiambatisha ratiba inayoonyesha mdadisi yupi atakuwa wapi siku ipi. Muda watakaohitaji kwa biashara 400 (zile 250 na 150 za kulinganisha) na timu ya watu 8 utakuwa karibu wiki nne, siyo siku 12. Bei zikirudi, hapo ndipo mzilinganishe, na kama yule wa tatu bado ni nafuu na ratiba yake inahesabika, mpeni kazi.